Uamuzi wa Bermuda na Herufi Bilioni Tatu

Februari 1996 wakuu wa maabara kubwa za kusoma DNA walikutana Bermuda, kisiwa kilicho chini ya Uingereza katika Bahari ya Atlantiki. Walikwenda kugawana mzigo: jenomu ya binadamu ina herufi takriban bilioni tatu, na ilibidi ijulikane nani atasoma sehemu ipi. Mgao huo wengi wameshausahau. Ambalo halijasahaulika ni kitendo cha Mwingereza mmoja mwenye ndevu, John Sulston, aliyesimama ubaoni akaandika kwa mkono masharti machache. Kila kipande kinachozidi herufi elfu moja kitolewe kwa umma, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kisiuzwe, kisifungiwe, kisisubiri jarida.

Wenzake walikubali. Walichokubali kilikwenda kinyume na mazoea yote ya kazi yao, kwa kuwa mtafiti hulinda matokeo yake mpaka yachapishwe, asije mwingine akamwahi na kuchukua sifa. Sulston aliwataka watoe matokeo hata kabla wao wenyewe hawajapata muda wa kuyatazama vizuri. Historia ya usomaji wa DNA ina mashine nyingi za ajabu na watu wengi wenye vipaji, lakini bila masharti yale ya ubaoni sehemu kubwa ya elimu hii ingekuwa mali ya watu wachache.

Tangu 1969 Sulston alikuwa akifanya kazi katika Maabara ya Biolojia ya Molekuli, Cambridge, alikokuwa pia Frederick Sanger, mtu aliyeifundisha dunia kusoma DNA. Sanger alikuwa mpole, hapendi makuu, na hodari sana wa kazi za mikono maabarani. Mwaka 1958 alipewa Nobel ya Kemia kwa kubaini mpangilio wa insulini. Mwaka 1977 alichapisha njia ya kusoma DNA ambayo ilitumika kwa miongo mitatu bila mpinzani wa kweli.

Njia yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo jasho la kazi hii lilipomwagika. DNA inayotakiwa kusomwa hugawanywa katika mirija minne. Kila mrija hutiwa kimeng'enya kinachonakili DNA, pamoja na herufi zote nne zinazohitajika: A, C, G na T. Kisha huongezwa kiasi kidogo cha herufi moja iliyobadilishwa kikemia ili isiweze kuungana na inayofuata. Nakala ikiipokea herufi hiyo, inakomea papo hapo. Mrija wa kwanza huishia kuwa na vipande vya urefu mbalimbali, vyote vikikomea kwenye A. Wa pili kwenye C, na kadhalika. Vipande hivyo vilimiminwa juu ya jeli nyembamba iliyobanwa kati ya vioo viwili, kisha umeme mkali ukapitishwa. Vifupi vilikimbia mbele, virefu vikachelewa nyuma. Kwa kuwa vilitiwa alama ya mionzi, jeli ilifunikwa kwa filamu ya eksirei na kuachwa gizani. Filamu ikishasafishwa ilionyesha safu nne za mistari myeusi iliyopangana kama vipandio vya ngazi. Mtafiti aliiweka juu ya meza yenye taa, akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu, herufi baada ya herufi, huku mwenzake akiandika.

Jeli nzuri ilitoa herufi mia mbili au tatu. Jeli mbaya, ambayo mistari yake ilibanana au kupinda, ilibidi irudiwe. Mwaka huohuo wa 1977 Sanger na wenzake walitoa jenomu ya kwanza kamili ya DNA, ya kirusi kidogo kiitwacho phiX174 kinachoshambulia bakteria. Ilikuwa na herufi 5,375 kwa hesabu ya kwanza. Ndani yake walikuta jambo ambalo wengi hawakulitarajia: jeni mbili zinaweza kuandikwa juu ya kipande kimoja cha DNA, kila moja ikisomwa kwa kuanzia mahali pake. Mwaka 1980 Sanger alipewa Nobel ya pili, akigawana na Wamarekani Walter Gilbert na Paul Berg. Baada ya miaka mitatu alistaafu, akajishughulisha na bustani yake. Alikataa hata cheo cha kuitwa Sir.

Mnamo 1986 maabara ya Leroy Hood huko California iliondoa mionzi na kuweka rangi nne zinazong'aa, kompyuta ikachukua kazi ya macho. Kuanzia hapo kusoma binadamu mzima kukawa suala la fedha na subira. Mradi wa Jenomu ya Binadamu ulianza rasmi 1990, ukikadiriwa kuchukua miaka 15 na dola bilioni tatu, na baadaye ukashirikisha maabara za Marekani, Uingereza, Japani, Ufaransa, Ujerumani na China.

Sulston aliingia humo akitokea kwenye mnyoo. Pamoja na Bob Waterston wa St. Louis, alikuwa akisoma jenomu ya C. elegans, mnyoo wa milimita moja ambaye seli za mwili wake ni 959 kamili. Watafiti wa mnyoo huyo walikuwa na utaratibu wa kupeana ramani na data kila zilipopatikana, na kazi yao ilikwenda mbio kwa sababu hiyo. Jenomu yake, herufi milioni 97, ilitoka Desemba 1998 ikiwa ya kwanza ya mnyama yeyote. Masharti ya Bermuda yalikuwa utaratibu wa watu wa mnyoo uliopandishwa ngazi ya binadamu.

Damu nayo ilitafutwa. Machi 1997 tangazo katika gazeti la Buffalo, jimbo la New York, liliwaomba watu wajitolee. Walitolewa damu, majina yao yakafichwa. Karibu asilimia 70 ya jenomu ya rejea iliyotoka kwenye mradi ni ya mwanamume mmoja kati yao, na uchambuzi wa miaka ya baadaye ulionyesha kuwa ana asili ya Afrika na ya Ulaya.

Kisha, Mei 1998, Craig Venter akatangaza kwamba kampuni mpya, iliyokuja kuitwa Celera, ingeimaliza jenomu ya binadamu ndani ya miaka mitatu kwa sehemu ndogo ya gharama ya mradi wa umma. Mpango wake ulikuwa kukatakata jenomu nzima kwa mkupuo, kuvisoma vipande kwa mamia ya mashine mpya, kisha kuiachia kompyuta kazi ya kuviunganisha. Wateja wangelipia kuingia kwenye hifadhi ya data, na kampuni ingeomba hataza za baadhi ya jeni. Uwezo wa Venter haukuwa na shaka. Tatizo lilikuwa kwamba Celera ilijichotea data ya umma iliyokuwa ikitolewa kila siku, ilhali ya kwake haikutoka. Shirika la Wellcome Trust la Uingereza lilijibu kwa kuongeza sana fedha kwa kituo cha usomaji alichokiongoza Sulston.

Kufikia Mei 2000 upande wa umma ulikuwa na herufi nyingi, lakini zilikuwa lundo la mamia ya maelfu ya vipande visivyojulikana kipi kinatangulia kipi. Pale Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Jim Kent, aliyewahi kuishi kwa kuandika programu za uhuishaji, aliona hatari iliyokuwa mbele: atakayewahi kuviunganisha ndiye atakayewahi ofisi ya hataza. Akajifungia kuandika programu. Kwa takriban wiki nne aliandika usiku na mchana hata ikambidi apoze vifundo vya mikono yake kwa barafu. Juni 22 programu ilikamilisha uunganishaji kwenye kompyuta 100 za kawaida zilizounganishwa pamoja. Celera ilimaliza wa kwake siku tatu baadaye.

Juni 26 Rais Bill Clinton aliwasimamisha Venter na Francis Collins, mkuu wa mradi wa umma wa Marekani, ubavuni mwake Ikulu ya Marekani, huku Tony Blair akiungana nao kwa setilaiti kutoka London. Julai 7 kazi ya Kent iliwekwa kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye kompyuta akaweza kuisoma bila kumlipa wala kumwomba mtu. Siku hiyo ilistahili sherehe kubwa kuliko ile ya Ikulu.

Dunia ambayo Kent aliihofia haikuwa ya kufikirika. Kampuni ya Myriad ya Utah ilikuwa imekwisha kupata hataza za jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, ambazo hitilafu zake huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Mwanamke wa Marekani aliyetaka kujua kama amerithi hitilafu hiyo hakuwa na maabara nyingine ya kuiendea, na kipimo kilifika zaidi ya dola 3,000. Waliojaribu kupima kwa bei nafuu waliandikiwa barua na mawakili. Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua kwamba DNA ya asili haiwezi kuwekewa hataza kwa sababu tu mtu ameitenga kutoka mwilini. Wanawake walikuwa wamesubiri miaka mingi.

Mlango uliobaki wazi ulinufaisha pia magonjwa ambayo kampuni za dawa hazikuyakimbilia. Bakteria wa kifua kikuu alisomwa 1998. Oktoba 2002 zilitoka kwa pamoja jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, na ya mbu anayemsambaza, Anopheles gambiae. Mbu waliosomwa walikuwa uzao wa mchanganyiko wa koloni la maabara lenye asili ya Nigeria na mbu waliokamatwa magharibi mwa Kenya. Sehemu kubwa ya usomaji huo ilifanywa na Celera yenyewe, na safari hii herufi zote ziliwekwa hadharani.

Gharama nazo ziliporomoka. Mwaka 2001 kusoma jenomu ya mtu mmoja kulikadiriwa kugharimu karibu dola milioni 100; kufikia 2014 zilikuwa zinatajwa dola 1,000. Mashine zilizoleta mabadiliko hayo zilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya wanakemia wawili wa Cambridge, Shankar Balasubramanian na David Klenerman. Baadaye kilikuja kifaa kinachotosha kiganjani, ambacho mwaka 2015 kilibebwa ndani ya masanduku hadi Guinea kusoma virusi vya Ebola palepale mlipuko ulipokuwa.

Januari 2020 masharti ya Bermuda yalijaribiwa upya, safari hii muda ukihesabiwa kwa saa. Profesa Zhang Yongzhen wa Shanghai alipokea sampuli kutoka Wuhan Januari 3, na Januari 5 timu yake ikawa na jenomu nzima ya kirusi kisichojulikana, kile cha UVIKO-19. Serikali ya China ilikuwa imekataza kutangaza bila kibali. Asubuhi ya Januari 11, Zhang akiwa ndani ya ndege, Edward Holmes wa Sydney alimpigia simu kuomba ruhusa ya kuichapisha. Zhang alifikiri kidogo, akakubali. Herufi zile, zisizotimia 30,000, zilikuwa kwenye intaneti muda mfupi baadaye, na ndani ya siku mbili kampuni ya Moderna ilikuwa imekamilisha muundo wa chanjo yake. Siku moja tu baada ya herufi hizo kuchapishwa, maabara ya Zhang ilifungwa kwa amri ya kwamba ifanye marekebisho.

Afrika ilishiriki kwa nguvu. Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walisoma virusi hivyo kutoka kaunti za pwani ya Kenya na kuonyesha kwamba Mombasa ndiyo ilikuwa lango kuu la maambukizi. Kusini mwa bara mtandao wa maabara za kusoma virusi ulikuwa mkubwa zaidi, na Novemba 2021 ulilipwa malipo mabaya. Timu ya Sikhulile Moyo mjini Gaborone ilikuta kwenye sampuli zilizochukuliwa Novemba 11 kirusi chenye mabadiliko ambayo haikuwahi kuyaona. Maabara za Afrika Kusini zilikuwa zinaona jambo lilelile. Wote walipakia jenomu zao kwenye hifadhi ya kimataifa ya GISAID bila kuchelewa, na Novemba 25 Profesa Tulio de Oliveira akatangaza hadharani. Siku iliyofuata Shirika la Afya Duniani lilikiita kirusi hicho Omicron.

Ndani ya siku chache Uingereza, Umoja wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine nyingi zilizuia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika, wakiwemo wa nchi ambazo Omicron ilikuwa haijaonekana. Kisha Uholanzi ikagundua kwamba ilikuwa nayo kwenye sampuli za Novemba 19. Wasafiri wa Amsterdam hawakuzuiwa kwa namna hiyo. Marufuku iliharibu utalii wa mwisho wa mwaka, na kwa kukata safari za ndege ilichelewesha hata kemikali ambazo maabara hizohizo zilizihitaji ili ziendelee kusoma. Hakuna hoja ya kisayansi inayoweza kutetea hilo. Waliotimiza masharti ya Bermuda kikamilifu kuliko wote waliadhibiwa kwa kuyatimiza.

Malalamiko hayo hayakuanzia Gaborone. Mwanzoni mwa 2007 waziri wa afya wa Indonesia, Siti Fadilah Supari, alitangaza kwamba nchi yake imesimamisha kutoa sampuli za virusi vya mafua ya ndege, kwa sababu kampuni za nje zilizitumia kutengeneza chanjo ambazo Waindonesia wasingemudu kuzinunua. Sulston na wenzake waliandika kwamba herufi zitolewe bure; hawakuandika chochote kuhusu kitakachotengenezwa kwa herufi hizo, wala nani atakipata kwanza.

Hoja hiyo ndiyo nchi za Afrika zilizoishikilia katika mazungumzo ya Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko, uliopitishwa Geneva Mei 20, 2025. Mkataba unataka watengenezaji watakaoingia kwenye mfumo wake walipatie Shirika la Afya Duniani asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo wanavyozalisha wakati wa janga, na angalau nusu ya kiasi hicho kitolewe bure. Masharti ya mfumo wenyewe, yaani nani aweke sahihi kabla ya kupakua jenomu na nani atachukuliwa hatua akivunja ahadi, yaliachwa kwenye kiambatisho. Nchi wanachama ziliupitisha mkataba, kisha zikarudi mezani kukijadili.