Tiger: gari la Rootes, injini ya Ford

Sunbeam Alpine ya kampuni ya Rootes ya Uingereza ilipendeza macho, lakini mbio haikuwa nazo. Injini yake ya silinda nne haikuwatisha watu wa California, waliokwisha kuzoea ngurumo za V8. Ian Garrad, aliyesimamia mauzo ya Rootes katika pwani ya magharibi ya Marekani, akaona dawa ni kuitia injini kubwa. Ipi? Meneja wake wa huduma alitumwa kuzungukia maduka ya magari akiwa na kipimo cha mbao mkononi, akipima V8 moja baada ya nyingine. Iliyotosha ni ya Ford, ya lita 4.3.

Mwaka 1963 majaribio yalifanywa sehemu mbili. Ken Miles, fundi na dereva wa mashindano, aliipachika kwa takriban wiki moja kwa dola 800. Carroll Shelby alitengeneza gari lililokamilika zaidi, lenye gia nne za mkono, kwa dola 10,000.

Dola 800 zilithibitisha jambo moja tu: injini inaingia. Gharama halisi ilikuwa kwenye vitu vinavyoizunguka. Usukani wa zamani haukuwa na nafasi tena, ukafungwa wa aina nyingine. Springi zikaongezwa ugumu, ekseli ya nyuma ikabadilishwa, betri ikahamishiwa kwenye buti. Joto nalo liliendelea kuwasumbua wenye magari hayo kwa miaka.

Kazi ya kuyaunda magari hayo, yaliyopewa jina la Tiger, ilipewa kampuni ya Jensen, West Bromwich, mwaka 1964. Huko bodi zilifika zikiwa zimeshapakwa rangi, na ili injini ikae, mafundi waliushindilia nyundo kubwa ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria. Hebu fikiria: gari jipya, rangi inang'aa, linapigwa nyundo kabla hata halijauzwa! Plagi moja ya nyuma ilijificha kiasi kwamba fundi aliifikia kwa kuingia ndani ya gari, kung'oa kizibo cha mpira ukutani na kupitisha spana tunduni.

Hata hivyo Tiger iliuzika. Zaidi ya 7,000 zilitengenezwa. Kilichoiua hakikuwa nyundo wala joto. Chrysler, mshindani wa Ford, iliichukua Rootes, na hapo kila Tiger iliyouzwa ikawa inaingiza fedha mfukoni mwa hasimu. Chrysler ilikuwa na V8 yake ya lita 4.5, lakini distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ya injini hiyo ilikaa nyuma, palepale penye ule ukuta, wakati ya Ford ilikaa mbele. Kuiingiza kungehitaji kuchora upya sehemu nzima ya mbele, na kwa gari la mauzo madogo kama lile hesabu haikulipa.

Uzalishaji ulisimama mwaka 1967. Kabla ya hapo, kibandiko cha ubavuni kilichotangaza nguvu ya Ford kilikuwa kimeshabanduliwa, kikawekwa kilichoandikwa Sunbeam V-8, ingawa chini ya boneti injini ilikuwa ileile ya Ford.