Bi Salme alianguka kabla ya Mjerumani

Kuna aina ya riwaya za mapenzi za Kiingereza ambazo dada zetu mabwenini walikuwa wakiazimana mpaka majalada yanachanika. Nyingi zinawekwa katika zama zile Waingereza wanazoziita Regency, kuanzia 1811 hadi 1820, wakati Mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanawe akatawala kwa niaba yake. Ukisoma mbili umesoma zote. Kuna mtukufu aliyechafuka jina, jamaa zake wamemtenga. Anatokea mgeni asiyemung'unya maneno. Wanagombana, wanapendana, wanaoana, kitabu kinaisha.

Sina ugomvi na wanaozipenda. Ugomvi wangu ni pale hadithi ya Bi Salme binti Said inapotiwa kwenye kalibu hiyohiyo na kuuzwa Mji Mkongwe kama kofia na vikoi. Ukisimama Forodhani linapopita kundi la watalii utaisikia kwa dakika tatu: binti wa Sultani alimpenda Mzungu wa jirani, akapata mimba, akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza, wakaoana. Watalii wanasema "aaah", kundi linasonga mbele. Hakuna uongo hapo, lakini kilichoachwa nje ni kingi kuliko kilichosemwa.

Haya, tuanze Mtoni. Salme alizaliwa huko mwaka 1844, kwenye kasri ambalo magofu yake bado yapo kando ya bahari ukitoka mjini kwenda Bububu. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi kutoka Kaukasi, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na baadaye akawa suria. Kwa hiyo kabla hujamuita binti mfalme, kumbuka kwamba mama yake alinunuliwa. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto hai 36, na Salme, wa miaka 12 tu, akahesabiwa mtu mzima na kupewa fungu lake: shamba lenye nyumba, na fedha zaidi ya pauni 5,000.

Sasa shika jambo hili moja, maana ndilo linalobeba mengine yote. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Msahafu, lakini si kuandika. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mimi ninayekula kwa kalamu kila mwezi huwa narudia sehemu hiyo ya kumbukumbu zake kuliko sehemu yoyote ya mapenzi.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash aliamua kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa ameshika Unguja baada ya baba. Mwaka huohuo kipindupindu kilikuwa kimemuua Jilfidan, na Salme, yatima wa miaka 15, akavutwa upande wa Barghash na dada yake aliyempenda sana, Bi Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa katibu wa uasi. Barua za siri zikatoka mkononi mwake. Barghash akazingirwa nyumbani kwake mjini, dada zake wakamtorosha akiwa amejifunika mavazi ya kike, akajikusanya kwenye shamba la Marseilles kule Machui. Majid akasaidiwa na askari wa majini wa Uingereza, uasi ukavunjwa, watu wakafa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme hakufungwa. Lakini aliandika baadaye jinsi barua zile zilivyomuelemea moyoni, na nyumba nyingi za jamaa zikafungwa kwake.

Akaenda kuishi mashamba, Kizimbani kisha Bububu. (Kizimbani ndiko wanakopelekwa watalii siku hizi kunusa karafuu na hiliki, wala hutasikia jina lake.) Halafu Majid akamuomba nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Uingereza. Salme akakubali, akaenda kumsalimia kaka yake, wakapatana. Ungedhani mambo yametengemaa. Kumbe! Upande wa Barghash, pamoja na Khole mwenyewe, ukamuona msaliti. Upande wa Majid ulikuwa bado unakumbuka nani aliandika barua. Akarudi mjini akiwa hana kambi.

Huyu ndiye mwanamke aliyekuja kupanga nyumba jirani na Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg, aliyezaliwa 1839, wakala wa kampuni ya Hansing. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na nguvu Unguja miaka ile. Mbali na mengine walinunua kauri, wakazipeleka Afrika Magharibi zilikotumika kama fedha, na mwaka 1859 miji yao ilikuwa imetia saini mkataba wa biashara na Majid. Paa la Heinrich lilikuwa chini kidogo ya lake. Salme alikuwa akiangalia karamu za vijana wa Kizungu kutoka dirishani, na kwa maelezo yake mwenyewe, Heinrich alijua kwamba anaangaliwa. Waliokulia vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako unaweza kumpa jirani chumvi bila kushuka ngazi, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ninachosema ni kwamba wanaodai Mjerumani ndiye aliyemvunjia heshima wamechelewa miaka saba. Mlango wa jamaa ulikuwa umeshafungwa kwa sababu ya siasa. Mapenzi yalimkuta nje.

Hata hivyo mimba nje ya ndoa, tena kwa mtu asiye Mwislamu, lilikuwa jambo la kufa na kupona. Agosti 1866, usiku wa sherehe za Siku ya Mwaka ambapo wanawake walishuka pwani kuoga, Salme naye alishuka. Mashua ikamchukua hadi manowari Highflyer ya Kapteni Pasley. Mke wa kaimu balozi wa Uingereza alikuwa na mkono katika mpango huo. Salme hakuwa ametimiza miaka 22.

Heinrich alibaki. Ndiyo, alibaki Unguja miezi kadhaa akimalizia biashara zake, na Majid hakumgusa. Salme alikaa Aden kwa jamaa wa Kihispania aliowafahamu tangu Unguja, akajifungua mtoto wa kiume Desemba, akasubiri. Mei 30, 1867 Heinrich akiwa amefika, alibatizwa kwa jina Emily na kuolewa siku hiyohiyo, wakaanza safari. Mtoto alifariki njiani, Ufaransa. Kiongozi wa watalii hafiki hapa. Angefika, kundi lisingesema "aaah".

Hamburg waliishi Uhlenhorst, karibu na maji ya Alster. Watoto watatu walizaliwa haraka haraka: Antonie, Rudolph na Rosalie. Kisha Agosti 1870 Heinrich aliteleza akiruka kutoka kwenye tramu ya farasi, akajeruhiwa vibaya, akafa baada ya siku chache. Ndoa ilidumu miaka mitatu na miezi miwili. Mtoto wa mwisho alikuwa hajafikisha miezi minne.

Ujane uliofuata ulidumu zaidi ya miaka 53. Kama hadithi ya mtu ipimwe kwa urefu wa maisha yake, basi hadithi ya Salme ni hiyo.

Miezi miwili baada ya msiba Majid naye alifariki, na aliyekalia kiti ni Barghash. Barghash yuleyule aliyeandikiwa barua! Salme alitegemea angalau hilo likumbukwe. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, alimfuata huko. Sir Bartle Frere, aliyekuwa amekwenda Unguja 1873 kushinikiza mkataba wa kufunga soko la watumwa, akamshauri aache kumtafuta kaka yake, na badala yake watoto wake watasaidiwa elimu. Akaacha. Barghash akaondoka zake, msaada haukuja. Waingereza walikuwa na mambo yao na Sultani, na dada mwenye malalamiko hakuwa na nafasi humo. Akarudi Ujerumani, akahama mji mmoja hadi mwingine akitafuta maisha nafuu, Berlin akifundisha Kiarabu.

Wajerumani nao wakamkumbuka walipomhitaji. Agosti 1885, wakati Bismarck anataka Barghash akubali ardhi alizojitwalia Carl Peters huku bara, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wa Unguja, na Salme na watoto wake walikuwamo katika msafara, ndani ya meli Adler. Kama Sultani angeleta ukaidi, madai ya dada yake ya mirathi yalikuwa tayari mezani. Barghash aliridhia kuhusu bara, na tangu hapo madai ya Salme yakawa hayana kazi kwa Berlin. Watu wa mjini walimfuata vichochoroni wakimsalimu. Kaka yake hakumpokea.

Wengi hupenda kumlaumu Barghash hapa. Mimi nasita. Kisheria alikuwa na hoja, kwa kuwa Mwislamu na aliyetoka katika Uislamu hawarithiani. Na kibinadamu, hebu jiweke kwenye kiti chake: dada yako anarudi baada ya miaka 19, nyuma yake mizinga ya watu wanaokunyang'anya nchi. Lakini pia sioni ni njia gani nyingine Salme alibakiwa nayo. Ya kistaarabu aliijaribu London.

Basi akarudi kwenye kalamu. Mwaka 1886 alichapisha Kijerumani kumbukumbu zake, kitabu kinachotajwa mara nyingi kuwa tawasifu ya kwanza ya mwanamke wa Kiarabu kuchapishwa. Humo hakumbembeleza mtu. Aliwaambia Wazungu kwamba hawajui lolote kuhusu ndoa na wanawake wa kwetu, akakejeli shule zao, akaeleza kasri la Mtoni kwa mapenzi ambayo hakuyaonyesha kwa Hamburg. Aliutetea pia utumwa, na kuandika kuhusu Waafrika maneno ambayo mimi siwezi kuyasoma bila kukunja uso. Huyo ni mwana wa mama aliyeingia kasrini kama mtumwa! Wanaomtaka awe shujaa wa mapenzi au wa haki za wanawake huzipita kurasa hizo haraka. Hamburg yenyewe iliupa uwanja mmoja jina lake mwaka 2019, na mwaka uliofuata kurasa hizo zikasomwa upya, ikaamuliwa jina liondolewe.

Alijaribu tena Unguja mwaka 1888, Barghash akiwa ameshafariki. Hakupata kitu. Hakurudi kuishi Ujerumani moja kwa moja; alikaa Jaffa kisha Beirut hadi 1914, mahali ambapo angalau adhana na Kiarabu vilisikika dirishani. Mwaka 1923 Sultani Khalifa bin Haroub alimpangia posho ya pauni 100 kwa mwaka. Posho, si mirathi. Salme alikuwa na miaka 79 alipofariki Jena, Februari 29, 1924. Alizikwa Hamburg karibu na Heinrich, pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Mwanawe Rudolph akawa anajiita Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu kuhusu babu yake, Sayyid Said. Amekiandika kwa Kiingereza.