Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Naanza na kufuli.

Chuo nilichosoma ni kidogo, na jina lake nalihifadhi maana sikuja hapa kugombana na mtu. Kilikuwa na chumba cha kompyuta. Kompyuta 12, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama makochi ya sebuleni yanayosubiri mgeni wa heshima. Mlangoni kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao mwalimu wa taaluma, wa pili mhasibu. Msimu wa kuandika ripoti ukifika, mwalimu akiwepo mhasibu kaenda benki, mhasibu akirudi mwalimu yuko msibani. Basi sisi huyoo, steshenari ya barabarani, ukurasa mmoja shilingi 500, na makosa ya chapa bure. Siku moja nikamuuliza mwalimu kwa nini tusiingie. Akanijibu neno moja: "Mtaziharibu."

Nilidhani ni ukorofi tu. Kumbe neno lile lina historia, tena ndefu kuliko umri wangu.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliingia mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, ya kampuni ya Kiingereza. Mashine za enzi zile usizifikirie kama hizi za mezani. Zilijaza chumba, zikalishwa kadi zilizotobolewa matundu, na zilitaka baridi wakati karani anayezihudumia anatoka jasho. Baadaye ikaletwa nyingine kubwa zaidi, ya jamii ya ICL 1900, ili ibebe hesabu zote za Serikali. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wataalamu wengi walikuwa wageni, wazalendo waliofunzwa walikuwa wachache, hesabu zikachelewa, zikavurugika, na fedha nyingi zikapotea. Serikali ikarudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakati huo nchi nzima ilikuwa nazo saba. Saba, bwana! Televisheni nazo zikakumbwa na marufuku hiyo hiyo. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri mpaka 1994 kuona kituo chetu wenyewe.

Sasa, fedha za kununulia mashine zile zilitoka wapi? Fedha za kigeni za nchi hii zilitoka shambani: pamba, katani, karafuu za Visiwani, na kahawa. Na kahawa ndiyo sisi. Mimi ni mtu wa Kagondo, Muleba. Kwetu mibuni imesimama katikati ya migomba, na babu yangu aliuza kahawa yake kupitia ushirika tangu ujana wake. Likizo moja nikamchokoza.

"Waitu babu, unajua kwamba kahawa yako ilinunua kompyuta Dar es Salaam?"

Akatafuna buni zake taratibu. "Mimi niliambiwa imenunua barabara," akasema. Kisha akauliza, "Hiyo kompyuta ilifanya nini?"

Nikamweleza kwamba ilishindwa kazi. Hakushangaa hata kidogo. Akaomba maji.

Wapo vijana wanaoicheka marufuku ile ya 1974. Mimi siicheki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, mvua zilikuwa zimekataa, nchi inanunua chakula nje. Mtu mwenye njaa akikataa kununua mashine inayovuruga hesabu zake, ana wazimu gani? Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba tulifunga mlango wakati mashine yenyewe iko njiani kubadilika. Apple II ilitoka 1977, kompyuta ndogo ya IBM ikatoka 1981. Tulikataa kitu cha ukubwa wa chumba, na huko nje kikawa cha ukubwa wa sanduku la nguo.

Aliyetaka kompyuta miaka ile ilibidi aombe kibali, aeleze anaitakia nini, kamati ikae ijadili. Miaka ya 1980 vibali vikaanza kutoka kwa wingi kidogo, na baada ya Mzee Mwinyi kuingia Ikulu 1985 biashara ikalegezwa. Lakini tayari kizazi kizima cha maofisa kilikuwa kimejifunza kwamba kompyuta ni kitu cha kuombewa ruhusa. Kizazi hicho ndicho kilichokuja kuwa wakuu wa vyuo na wahasibu wetu. Hili ni wazo langu mwenyewe, mwenye lingine alilete.

Hata jina tulilitafuta kwa hofu. Wataalamu wa lugha walipendekeza "ngamizi". Sijui sikio lako, langu linasikia "angamiza". Mitaani watu wakasema kompyuta, yakaisha.

Usiniambie kwamba huku kwetu kulikuwa hakuwezekani. Ni kweli shida zilikuwepo. Umeme wa Kagera kwa miaka mingi ulinunuliwa Uganda, ukikatika huko na huku giza. Intaneti kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009 ilipitia setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Lakini ng'ambo ya ziwa, Sengerema, mwaka 2001 kilianzishwa kituo cha mawasiliano cha jamii, mkulima na mwanafunzi wanaingia na shilingi zao na kukaa mbele ya mashine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia, amri zake zote kwa Kiswahili. Mimi niliisikia nikiwa nimeshamaliza chuo.

Mwaka wangu wa mwisho wakaja wakaguzi, na kufuli zote mbili zikafunguliwa siku moja. Tukaitwa tukae mbele ya mashine tuonekane tunasoma. Vitambaa vikatolewa. Tatu hazikuwaka, na ndani ya moja panya alikuwa amejenga kwa karatasi za mitihani ya zamani. Ile yangu iliwaka. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo pembeni ya kioo tarehe ilisomeka 1 Januari 2002.

Mkaguzi akapita na daftari lake, akaandika: kompyuta 12. Jioni kufuli zikarudi mahali pake. Mimi nikateremka steshenari. Nilikuwa nimebakiza kurasa tisa.