Neno Lililoandikwa na Neno Linalosikika: Fundisho la Historia kwa Sharika za Pwani ya Lindi

Zipo sharika zetu zenye tovuti ambazo leo zinajiuliza kama inafaa kuongeza podikasti, yaani mahubiri na mafundisho yaliyorekodiwa, ambayo mtu huyasikiliza kwenye simu kwa wakati wake. Baadhi yetu tunaona ni kazi ya ziada: kama mahubiri yameshaandikwa, kuna haja gani ya kuyarekodi? Kabla ya kujibu, na tuangalie tulikotoka.

Pwani ya Kilwa si ngeni kwa maandishi. Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Hata hivyo, watu wa pwani hawakuliacha neno likae kimya kwenye karatasi. Tenzi ziliandikwa ili zighaniwe, na habari zilisimuliwa barazani. Kanisa la kwanza nalo lilifanya hivyo. Katika 1 Wathesalonike 5:27 Paulo anaagiza waraka wake usomwe mbele ya ndugu wote. Wengi wao waliupokea kwa masikio.

Mwaka 1963 Walutheri tuliona jambo hili kwa upana mpya. Tarehe 26 Februari, kituo cha Shirikisho la Walutheri Duniani kilianza kutangaza kutoka Addis Ababa. Kwa Kiswahili tulikiita Sauti ya Injili. Miezi minne baadaye, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, vikarekodiwa kwenye tepu, na tepu zikapelekwa Addis Ababa kurushwa kwa masafa mafupi. Havikuwa mahubiri tu. Habari, afya, kilimo na elimu vilipewa nafasi kubwa.

Kwa mtu wa kusini, faida ya redio ilikuwa wazi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa au Lindi kwa barabara alivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika njia iliweza kufungika kabisa. Gazeti na kitabu vilisubiri kivuko pamoja na abiria. Sauti haikusubiri.

Lakini sauti peke yake haitoshi, na serikali yetu ililijua hilo. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza, vijitabu vikagawiwa, na watu wakakaa katika vikundi kusikiliza, kusoma na kujadiliana. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vijijini wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Asiyejua kusoma alisikia, aliyesahau alirudia kijitabu, na kikundi kiliyageuza maneno kuwa kazi ya mikono.

Fundisho la pili ni chungu. Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo cha Addis Ababa, na sauti iliyofika nchi nyingi ikanyamaza kwa siku moja. Kazi ya Moshi iliendelea kwa sababu watu na ujuzi walikuwa nyumbani. Na hata redio ilipokuwa hewani ilikuwa na upungufu wake: aliyekuwa baharini au shambani saa ya kipindi alikikosa.

Hapo ndipo podikasti inapoongeza kitu. Maandishi hukaa lakini hayasemi. Redio husema lakini haikai. Sauti iliyorekodiwa na kuwekwa kando ya maandishi husema na pia hukaa. Bibi ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo atasikia Neno katika lugha yake. Mvuvi wa Kivinje atasikiliza jioni akirekebisha nyavu. Kijana aliyehamia mjini atasikia sauti ya mwinjilisti wa mtaa wake. Jirani yetu Mwislamu naye anaweza kusikia, kwa hiyo tuseme kwa heshima, kama watu wanaokaa baraza moja.

Tusianze kwa mashine za bei kubwa. Simu moja na chumba kisicho na kelele vinatosha. Vipindi viwe vifupi, maana bando ni fedha. Asiye na intaneti awekewe kwenye memori kadi. Usharika utunze nakala zake wenyewe, usitegemee mtambo wa watu wengine peke yake. Zaidi ya yote, tusikilize pamoja katika jumuiya, kisha tuulizane tutafanya nini. Paulo, katika Warumi 10, anaifunga imani na kusikia. Wapo washarika wetu ambao ukurasa haujawafikia mpaka leo, na hao tunawadai sauti.