Kuvuma

Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma. Amplifaya iliyoundwa nyumbani nayo, ikiwashwa kabla ya muziki kuanza, huvuma. Nawasihi mafundi wetu walishike neno hili, wasiite kila kelele mkwaruzo. Mkwaruzo hukatikakatika, aghalabu ni kitufe cha sauti kilichoingia vumbi, au solda iliyoachia. Mvumo hauna pumzi, na asili yake inajulikana: umeme wa Afrika Mashariki huzunguka mara 50 kwa sekunde.

Sikio laweza kuupambanua zaidi. Mvumo mzito wa mizunguko 50 mara nyingi hutokana na waya. Amplifaya na kompyuta kila moja ina ethi yake ukutani, kisha waya wa sauti unaziunganisha tena; pete inakamilika, na mkondo mdogo unapita kwenye ngao ya waya huo. Uchomoe, kimya. Mvumo mkali zaidi, wa 100, huashiria pawasaplai. Dayodi hutumia nusu zote mbili za wimbi, kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde, na mapigo hayo yakipita kwenye waya uleule wa ardhi unaotumiwa na sauti, spika itayatoa. Dawa ni kuzikutanisha ardhi zote za saketi kwenye nukta moja, nayo ndiyo ifungwe kwenye kasha la chuma.

Wapo wanaokata ethi ya plagi ili kuua mvumo. Naomba sana waache. Transfoma ikivujisha umeme kwenye kasha, waya huo ndio unaounguza fyuzi kabla mkono wa mtu haujagusa.