Nafasi tupu kwenye karte-meri

Wengi wetu TFC zetu zilichapwa kwenye kompyuta za okaziyo zilizotoka Ulaya. Yangu ilichapwa kwa mashine ya yaya yangu, aliyekuwa na sekretariati ndogo ya kuchapa pale Bukavu. Ile mashine ni mimi niliiua. Naandika juu ya hiyo, maana nyuma yake kuko historia.

Kati ya 1999 na 2007 hivi, dunia ilijaa kondensateri mbovu. Kondensateri ya alumini iko na karatasi iliyolowa maji ya kemikali. Maji yale yakikosa dawa ya kulinda alumini, yanaila polepole, gesi inazaliwa, kichwa kinavimba, mwisho kinapasuka. Karibu na prosesa ndiko kulikuwa na kazi ngumu: joto jingi, na mkondo wa makumi ya ampea kwa volti 1,5 hivi tu. Hasara haikuwa ya mafundi wadogo peke yao. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 hivi juu ya kutengeneza kompyuta zilizoharibika namna hiyo.

Wakati huo njo watu walianza kutazama nafasi tupu. Ukifungua karte-meri ya zamani, utaona duara zimechorwa, matundu mawili yako, kondensateri hakuna. Sababu yake ni bei. Kiwanda kinachora ubao mmoja kwa modeli kadhaa. Ya bei kali inajazwa, ya bei ndogo inaachiwa mapengo. Senti chache kwa kila ubao, ukizidisha kwa mbao milioni, ni pesa mingi. Basi mafundi, wakibadilisha zilizovimba, walijaza na mapengo. Hesabu yake ni ya kweli: kondensateri zikikaa sambamba, uwezo unajumlishwa, ukinzani wa ndani unapungua, kila moja inapata joto kidogo.

Hesabu hiyo niliijua vizuri. Mashine ya yaya ilikuwa inajizima yenyewe. Nilibadilisha zilizovimba, halafu nikaona pengo moja pembeni, nikatia kondensateri ya volti 6,3 kama zile za jirani. Kumbe lile pengo lilikuwa kwenye njia ya volti 12. Pua! Moshi, harufu, na ubao haukuwaka tena. Multimeta ilikuwa mezani. Kupima kama tundu limeungana na jirani yake kungechukua dakika moja.

Yaya hakupiga kelele. Alisema tu: «Mdogo wangu, ungeniuliza mbele.» Miezi miwili alikodi mashine ya jirani, faida yote ikaenda huko.

Ubao wa pili tulioununua ulikuwa na mapengo matatu. Safari hii nilipima. Nilitafuta pia upande wa hasi kwa multimeta, kwa sababu viwanda havichori alama namna moja: kwa wengine sehemu nyeupe ni hasi, kwa wengine ni chanya. Mapengo mawili yalikuwa njia moja na jirani zao, nikayajaza. La tatu lilikuwa la sakiti ambayo kiwanda hakikuiweka kabisa. Kondensateri pale isingefanya kitu. Nililiacha.

Ile mashine ilichapa TFC za promosheni mbili nyuma yetu.