Marekani: Parkingi ya mbali ilivyogeuka mahali pa kula pamoja kabla ya mpira

Kila Jumamosi, kuanzia mwezi wa tisa hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja, miji mingi midogo ya Marekani inajaa watu kupita kawaida. Wageni hao wanafuata mpira wa vyuo vikuu. Si mpira wa miguu wanaoupenda Wakongo. Ni ule wa Kimarekani, ambamo mpira una umbo la yai na mchezaji anakimbia nao mikononi huku wapinzani wakijaribu kumwangusha.

Lakini saa nyingi kabla ya mchezo kuanza, watu wako tayari nje ya uwanja, kwenye parkingi. Wanafungua nyuma ya magari, wanatoa meza, viti na jiko la makaa, wanachoma nyama na kula pamoja. Wengine hawana hata tiketi ya kuingia. Wamekuja kwa ajili ya chakula na watu.

Wamarekani wanaita desturi hii «tailgating». Jina linatokana na ule ubao wa nyuma wa gari la mizigo, unaoshushwa ili vitu vipakuliwe. Ubao ukishushwa, unakuwa meza. Historia ya meza hiyo inaonyesha namna watu wanavyoweza kufanya kiwanja kitupu kuwa mahali pao. Inaonyesha pia kwamba kwa miaka mingi si kila mtu alikaribishwa hapo.

Vikapu vya chakula karibu na vita

Wako wanaosema kwamba desturi hii ilianza Jumapili, tarehe 21 mwezi wa saba mwaka wa 1861, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Siku hiyo jeshi la Kaskazini lilipambana na jeshi la Kusini karibu na Manassas, katika jimbo la Virginia, umbali wa kilomita kama 40 kutoka Washington. Wakaaji wa mji mkuu, wakiwemo wabunge na maseneta, walipanda magari ya farasi na kubeba vikapu vya chakula ili waende kutazama. Wengi wao walisimama Centreville, kilomita chache kutoka mahali pa mapigano. Waliamini kwamba vita vitakwisha siku hiyo hiyo.

Jioni jeshi la Kaskazini lilishindwa. Askari waliokuwa wakikimbia, majeruhi na mikokoteni vilijaa barabarani, na raia wale wakakimbia pamoja nao. Mbunge Alfred Ely wa New York alikamatwa na kufungwa karibu miezi sita mjini Richmond. Watu zaidi ya 800 waliuawa siku ile, na vita vikaendelea kwa miaka minne.

Ni vigumu kuiita siku kama hiyo mwanzo wa furaha yoyote. Kinachofanana na parkingi ya leo ni gari na kikapu tu. Mtu aliyewahi kukimbia kwenye barabara ya namna ile, na mtoto mgongoni, anajua kwamba vita si mchezo wa kutazamwa. Mwanzo wa kweli unapatikana kwingine, kwenye mpira wenyewe na kwenye umbali wa kuufikia.

Uwanja ulihamia mbali, chakula kikafuata

Mchezo wa kwanza kati ya vyuo viwili ulichezwa tarehe 6 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1869 huko New Brunswick, katika jimbo la New Jersey. Chuo cha Rutgers kiliwashinda jirani zao wa Princeton mabao 6 kwa 4. Kila timu ilikuwa na wachezaji 25, na watazamaji walikuwa kama 100 tu. Watu wachache hivyo hawakuhitaji parkingi wala jiko.

Miaka 45 baadaye hali ilikuwa imebadilika kabisa. Mwaka wa 1914 Chuo Kikuu cha Yale kilifungua uwanja wake mpya, Yale Bowl, wenye umbo la bakuli na nafasi za watu kama 70,000. Katika mji wa zamani hapakuwa na sehemu ya kutosha kujenga kitu kikubwa namna hiyo, kwa hiyo uwanja uliwekwa zaidi ya kilomita mbili kutoka katikati ya chuo. Kila anayekwenda ilimbidi asafiri, na ukubwa wa umati ulimlazimu kufika mapema. Aliyefika mapema hakuweza kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Basi alibeba chakula chake.

Wakati huo huo magari yalianza kuwa ya watu wengi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, gari la Ford aina ya Model T liliuzwa kwa dola chini ya 300. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na mabaki mengi ya mbao kutoka kazi ya kutengeneza magari. Henry Ford hakutaka mbao hizo zipotee bure. Zikachomwa, zikasagwa na kufinyangwa kuwa vipande vidogo vya makaa, vilivyouzwa kwa wenye magari. Mwaka wa 1952 fundi wa vyuma wa karibu na Chicago, George Stephen, alitengeneza jiko la mviringo lenye kifuniko, akitumia nusu mbili za boya la chuma linaloelea majini. Jiko hilo lilizuia upepo usitawanye majivu. Mwaka wa 1956 serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kujenga barabara kuu za zaidi ya kilomita 60,000. Gari, makaa, jiko na barabara vikawa tayari.

Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Penn State, katika jimbo la Pennsylvania. Uwanja wake wa zamani ulikuwa sehemu nyingine ya chuo. Kufikia mwaka wa 1960 majukwaa yake ya chuma yalifunguliwa vipande kama 700, yakasafirishwa hadi ukingo wa mashariki wa chuo, karibu na mashamba, na kuunganishwa tena kwa ukubwa zaidi. Leo uwanja huo unapokea watu zaidi ya 100,000. Kuuzunguka kuna majani matupu ambako maelfu ya magari yanasimama siku ya mchezo. Kwa siku hiyo moja mahali palipokuwa pa ng'ombe panakuwa kama mji.

Wengine walipata njia isiyo ya barabara. Mwaka wa 1962 mtangazaji wa redio George Mooney, akikwepa msongamano wa magari mjini Knoxville, alipanda mashua ndogo na kupita mto Tennessee hadi karibu na uwanja wa Neyland. Wenzake wakamwiga. Hadi leo mashua nyingi zinafungwa ukingoni siku ya mchezo, na watu wanapikia humo.

Nani alialikwa mezani?

Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya historia hii ilipita wakati watu weusi wa Marekani hawakuruhusiwa kuingia katika vyuo vingi vya Kusini, si kama wanafunzi wala kama wachezaji. Walijenga vyuo vyao na michezo yao. Tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1892, chuo cha Biddle kilicheza na chuo cha Livingstone huko Salisbury, North Carolina. Ulikuwa mchezo wa kwanza kati ya vyuo vya watu weusi. Kutoka hapo ilikua desturi yenye bendi zake, vyakula vyake na sherehe zake. Tangu mwaka wa 1974, vyuo vya Grambling na Southern kwa kawaida vinakutana mjini New Orleans, na familia nyingi zinatoka mbali kwa ajili ya mkutano huo kuliko kwa ajili ya matokeo.

Katika Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, watu hula chini ya miti, mahali panapoitwa The Grove, penye ukubwa wa hekta kama nne. Ni moja ya sehemu maarufu zaidi za desturi hii. Lakini hatua chache kutoka kwenye miti hiyo, usiku wa tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka wa 1962, umati wa watu weupe ulishambulia maafisa wa serikali kuu. Sababu ilikuwa mtu mmoja: James Meredith, kijana mweusi aliyetumikia jeshi la anga miaka tisa na aliyetaka kusoma. Watu wawili waliuawa na wengine wengi kujeruhiwa. Rais John Kennedy alituma maelfu ya askari, na asubuhi yake Meredith akaandikishwa kuwa mwanafunzi. Alipata shahada yake mwaka wa 1963. Katika msimu ule ule wa 1962, timu ya chuo hicho, iliyokuwa ya weupe peke yao, haikupoteza mchezo hata mmoja.

Wachezaji weusi wa kwanza wa timu hiyo, Ben Williams na James Reed, waliingia mwaka wa 1972. Bendera ya waliopigania utumwa iliendelea kupepea kwa watazamaji hadi mwaka wa 1997, chuo kilipokataza kuingia uwanjani na vijiti vya bendera. Magari nayo yalikatazwa chini ya miti mwaka wa 1991, baada ya mvua kugeuza mahali pote kuwa matope. Leo kuna mahema tu, na moto hauruhusiwi; chakula kinaletwa kimekwisha kupikwa. Watu weusi na weupe wanakaa chini ya miti ile ile. Nafasi hiyo haikutolewa bure. Ilipatikana kwa sababu kuna waliokubali kusimama mbele ya umati ili wengine waweze kukaa.

Mtoto wa Kinshasa mbele ya watu laki moja

Kongo nayo ina jina katika historia ya mpira huu. Tshimanga Biakabutuka, anayejulikana kama Tim, alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1974. Alihamia Kanada na familia yake akiwa mtoto, akakulia karibu na Montreal, kisha akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Michigan.

Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1995, Michigan ilipokea mahasimu wake wakubwa, Ohio State, ambao walikuwa hawajashindwa msimu mzima. Asubuhi ile, kama kawaida mjini Ann Arbor, magari yalijaa kwenye kiwanja cha gofu cha chuo, ng'ambo ya barabara, na watu wakala wakizungumzia wageni hao wenye nguvu. Mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000, Biakabutuka alikimbia na mpira yadi 313, na Michigan ikashinda 31 kwa 23. Watu waliorudi kwenye magari yao jioni ile walikuwa wakijifunza kutamka jina la Kikongo. Mwaka uliofuata aliajiriwa na timu ya kulipwa ya Carolina Panthers.

Walio karibu na walio mbali

Desturi hii ina kasoro zake. Viwanja vingi vya vyuo vilikataza kuuza pombe ndani kwa miaka mingi, kwa hiyo watu walikunywa nje, na ulevi umeleta ajali na ugomvi. Pesa pia zinatenganisha watu. Katika vyuo vikubwa, nafasi za kuegesha karibu na uwanja kwa kawaida zinapewa wanaochangia fedha nyingi. Wengine wanaacha magari mbali na kupanda basi au kutembea.

Hata hivyo, kwenye parkingi hizo za mbali desturi inaendelea kwa nguvu. Familia zinarudi mwaka baada ya mwaka kwenye sehemu ile ile, karibu na majirani wale wale. Hakuna nyumba hapo, hakuna hati ya kiwanja, na jioni kila kitu kinabebwa. Lakini watoto wanajua mahali pao, na mzee akifariki, jirani wa parkingi anauliza habari zake.

Miongoni mwa Wakongo waliotoka kwenye kambi za wakimbizi na kupewa makao Marekani, wengi wanaishi Lexington, Kentucky, na Iowa City, Iowa. Miji yote miwili ina chuo kikuu chenye timu kubwa, na Kiswahili kinasikika katika shule zao. Karibu na uwanja wa Kinnick wa Iowa City, wakaaji wanakodisha hata majani ya mbele ya nyumba zao ili wageni waegeshe. Familia iliyofika juzi inaona moshi, inasikia ngoma za bendi, na haielewi bado sheria za mchezo. Hilo halizuii kitu. Mchezo unachezwa ndani, na ndani kunahitaji tiketi. Nje, kwenye parkingi, kinachohitajika ni sufuria na mtu wa kusema karibu.